Ukurasa wa Tatu Sikuusoma

Jiji la Mexico, 21 Agosti 2023

Mpendwa Otilia,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mwaka huu mvua haijaikata barabara ya kwenu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nakumbuka bibi yako aliniambia kwamba maneno ya simu hayawezi kuwekwa chini ya mshumaa yakatazamwa.

Nina habari njema. Ule wimbo wa Bibi Nicolasa niliourekodi kwenye kesha la uponyaji la Julai 2021, sasa tunampigia kila mgonjwa hapa kliniki. Utaratibu wetu nilikueleza: mgonjwa wa sonona anameza kidonge chenye ile dawa iliyomo kwenye uyoga wenu, analala, tunamfunika macho, na mimi na mwenzangu tunakaa kando yake saa sita. Mwanzoni tulikuwa tunapiga kinanda. Watu walitulia tu. Tangu tulipoweka sauti ya bibi yako, wanalia, wanazungumza, wanainuka wepesi. Kuna mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, ambaye tangu mwanawe apotee alikuwa hasemi maneno kumi kwa siku. Mara ya pili aliposikia wimbo aliomba maji, kisha akazungumza mpaka jioni. Hata Hermila, mama anayetusafishia kliniki, husimama nje ya mlango na ufagio wake wimbo unapopigwa. Naye ametoka milima ya kwenu.

Sasa kampuni moja ya ng'ambo inataka kuuchukua utaratibu wetu wote pamoja na wimbo, utumike kwenye kliniki zao katika nchi kumi na mbili. Wanahitaji karatasi mpya ya ridhaa yenye alama ya dole gumba la bibi yako. Nimeiweka humu. Tafadhali inifikie kabla ya tarehe 15 Oktoba.

Nimekuwekea pia flashi yenye wimbo wenyewe. Usiku ule ulilazwa kwa jirani, na naona vibaya kwamba sisi tunausikia kila siku na wewe hujawahi. Barua ya kukupendekeza kwenye chuo cha uuguzi nimeshaianza. Nimeandika kwamba bila wewe utafiti wetu usingekuwepo.

Wako,
Daktari Mireya Solórzano


Agua Escondida, 6 Septemba 2023

Kwa Daktari Mireya,

Nakusalimu kwa heshima, na Bibi anakusalimu. Mimi ni mzima. Mwaka huu ndio wa mwisho wa masomo yangu ya sekondari, na mwalimu wetu ametufundisha kwamba barua nzuri hujibu kwanza kile ilichoulizwa, kwa hiyo nitajaribu.

Karatasi imefika. Bibi bado hajaweka dole gumba kwa sababu mkono wake umevimba kidogo. Si ugonjwa mkubwa. Ni palizi ya mikahawa.

Flashi nimeisikiliza kwenye kompyuta ya shule, nikiwa na spika ndogo za masikioni, peke yangu. Asante.

Nakushukuru sana kwa barua ya chuo. Nimeisoma sentensi uliyoniandikia mara nyingi. Kuwa muuguzi ndicho kitu ninachokitaka kuliko vyote, na hapa kwetu hakuna mwingine wa kuniandikia ambaye chuo kitamsikiliza.

Ninayo maswali mawili. Huyo mama Hermila ametoka kijiji gani? Je, yeye hurudi nyumbani kwa Sikukuu ya Wafu?

Mwanafunzi wako mtiifu,
Otilia Cerqueda


Jiji la Mexico, 15 Septemba 2023

Mpendwa Otilia,

Mpe bibi pole ya mkono. Kama hawezi kutumia wa kulia, wa kushoto nao unakubalika, nimeuliza.

Hermila anasema anatoka bonde linalofuata baada ya kwenu, upande wa kanisa jeupe. Ndiyo, atarudi kwa sikukuu, ameshaomba likizo kuanzia tarehe 26 Oktoba. Kwa nini unauliza? Unamfahamu?

Nahisi kuna kitu kinakusumbua, na labda nakijua. Unaogopa kwamba wimbo unakwenda mbali mno. Naelewa. Lakini wagonjwa wetu hawajui hata neno moja la lugha yenu. Kwao ni sauti tu ya mama mtu mzima anayemwita mtu. Na yote haya tuliyaandika toka mwanzo. Nakunukulia ukurasa wa tatu wa fomu ile ya 2021: "Sauti iliyorekodiwa inaweza kuhifadhiwa bila ukomo, kusikilizwa na wagonjwa wengine, na kupewa taasisi nyingine ndani na nje ya nchi." Bibi yako alisomewa na akakubali. Karatasi mpya inarudia tu yale yale.

Siku zinakwenda, binti yangu. Kampuni inanipigia kila Jumatano.

Mireya


Agua Escondida, 24 Septemba 2023

Kwa Daktari Mireya,

Mkono wa Bibi haujavimba. Nilikudanganya, na naomba nianze na hilo ili nisiogope kuandika linalofuata.

Ukurasa wa tatu sikumsomea.

Utakumbuka kwamba mkalimani wa chuo alikwama njiani kwenye maporomoko ya udongo, ndipo ukaniuliza kama ninaweza kutafsiri. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kihispania. Nilitaka sana uniite msaidizi wako. Asubuhi ile, kesha lilipoisha, Bibi aliniambia nikwambie kwamba baada ya kesha hakuna kitu kinachotoka nyumbani kwa siku nne. Si chumvi, si kaa la moto, si hata bakuli la jirani, kwa sababu jambo la mgonjwa halijapoa. Wewe ukaniambia basi lako linaondoka saa nne asubuhi. Mimi nikamwambia Bibi kwamba utalala mjini Huautla siku nne ndipo usafiri na kifaa chako. Wewe nikakwambia Bibi hana neno.

Kisha nikasoma. Ukurasa wa kwanza nilisoma wote. Wa pili nilifupisha. Wa tatu niliugeuza pamoja na wa nne kana kwamba zimegandana, kwa sababu nilipoutupia jicho niliona maneno "nje ya nchi", na nilijua Bibi atauliza maswali mpaka saa sita. Aliweka dole gumba akiamini kwamba wimbo utausikia wewe tu, ujifunze kama mganga anavyojifunza kwa mganga mwenzake.

Wimbo ule hauimbwi hewani, Daktari. Huimbwa kwa ajili ya mtu. Aliyekuwa mgonjwa usiku ule ni Mzee Celerino Pineda, wa nyumba ya chini ya kisima. Alikubali ukae ukutani kwa sababu wewe nawe unatibu watu. Kwenye flashi Bibi anamtaja kwa jina mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na yeye anajibu, na anasema jambo. Linahusu binti yake aliyeondoka, na mkewe aliyekufa akimngoja binti huyo. Mkewe hakuambiwa jambo hilo mpaka anazikwa. Silitaji zaidi. Shemeji yake, dada wa marehemu, anaishi ng'ambo ya njia, na wanachota maji pamoja.

Wagonjwa wako hawaelewi. Mama Hermila anaelewa kila neno. Atashuka garini hapa baada ya mwezi mmoja, maana gari la kwenda bonde lao huishia kwetu.

Najua ukiionyesha barua hii, jina langu haliwezi kubaki kwenye barua ya chuo. Nimelifikiri hilo kabla ya kuandika. Tafadhali usiitume sauti ya Mzee Celerino katika nchi kumi na mbili.

Otilia


Jiji la Mexico, 3 Oktoba 2023

Otilia,

Barua yako nimeiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Kwa sasa naomba usiandike nyingine kama hiyo, wala usimwambie mtu.

Sikiliza. Nina wagonjwa kumi na mmoja walio katikati ya matibabu. Nikisema hadharani kwamba ridhaa ya 2021 ina kasoro, utafiti wote unasimama siku hiyo hiyo, siyo wimbo peke yake. Kuna mama mmoja humu ambaye sijui atafanya nini tukimwambia arudi nyumbani akangoje. Na yule dereva wangu mzee wiki iliyopita alimpigia dada yake simu, mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Fundi wetu wa sauti anaweza kuliondoa jina la huyo bwana na sehemu anazozungumza. Itabaki sauti ya bibi yako tu. Hakuna atakayeumia. Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto hahukumiwi kwa kugeuza karatasi. Barua yako ya chuo iko tayari, nimeisaini jana.

Kinachohitajika ni dole gumba.

Mireya


Agua Escondida, 10 Oktoba 2023

Mimi Nicolasa Cerqueda nasema, na mjukuu wangu anaandika. Nimemwambia akiruka neno nitajua, ingawa sisomi, kwa sababu mkono wake ukidanganya unakwenda mbio.

Daktari, hujambo. Mkono wangu haujambo pia.

Mtoto amenieleza yote. Kwanza nimemgombeza. Nimemwita mwizi, amelia, tumekula maharage, yamekwisha. Sasa ni zamu yako.

Unasema utalikata jina. Haya, niambie, wewe ukitibu unamtibu nani? Mimi usiku ule nilikwenda kumtafuta Celerino huko alikopotelea. Nilimwita njia nzima. Ukitoa jina lake, nilikuwa namwita nani? Nitakuwa kikongwe anayepiga kelele msituni, na wagonjwa wako watakuwa wanamlipa daktari wasikilize kikongwe akipiga kelele msituni.

Umesema dereva wako anazungumza. Nimefurahi, wala sifanyi mzaha. Nimemwambia mtoto aandike kwamba nimefurahi. Lakini amefunguliwa mdomo kwa jambo la mtu mwingine, na mwenye jambo yuko hapa chini ya kisima anapalilia, hana habari.

Ruhusa unaniomba mimi. Wimbo tukisema ni wangu, sawa, ingawa ni wa Wale Wadogo, uyoga wetu, mimi ni mdomo wao tu. Jambo ni la Celerino. Muulize Celerino. Kama wewe huwezi kuja, mtoto atakwenda, yeye ndiye aliyegeuza karatasi. Amesema anaogopa. Nimemwambia aogope huku anatembea.

La mwisho, kisha nitakuacha. Mtoto anasema alikudanganya. Asubuhi ile ulikuwa umekaa kwenye kigoda changu na mimi nilikuwa nakutazama. Ulitazama saa yako. Ukatazama karatasi. Ukamtazama mtoto. Halafu ukatazama dari. Mtu aliyedanganywa hatazami dari. Sasa niambie uliona nini.

Kwenye karatasi yako mpya sikuweka dole. Nimeirudisha humu ikiwa safi.

Nicolasa
(kwa mkono wa Otilia, bila kuruka neno)


Jiji la Mexico, 18 Oktoba 2023

Kwa Bibi Nicolasa, na kwa Otilia anayesoma,

Niliona.

Fomu ile niliiandika mimi. Kuisoma kwa sauti na kuitafsiri hakuwezi kupungua dakika ishirini. Otilia alimaliza kwa dakika sita. Niliona karatasi mbili zikigeuka pamoja. Nilikuwa na basi la saa nne, na nyuma yangu nilikuwa na miaka mitatu ya kuomba vibali. Nikajiambia kwamba mtoto hodari anajua kufupisha. Halafu nikatazama dari, kama ulivyosema.

Kuna jingine ambalo wewe hukuliuliza. Madaktari vijana tunawafundisha kwamba mtu akishameza dawa hii asiombwe kukubali jambo jipya mpaka akili yake itulie kabisa, maana saa zile anaweza kusema ndiyo kwa lolote. Anaulizwa kabla, na anaulizwa tena siku nyingine. Kanuni hiyo nimeibandika ukutani, juu ya kitanda. Kwenu mganga huula uyoga pamoja na mgonjwa wake. Nilikuona ukiula. Asubuhi ile ulikuwa bado hujalala, macho yako mekundu, na mimi nilikushika mkono nikauchovya kwenye wino. Kama ungekuwa mgonjwa wa kliniki yangu ningemfukuza kazi daktari aliyefanya hivyo. Ninyi mna siku nne, nami nina kanuni ukutani, na zote mbili nilizipita ili niwahi basi.

Jumatatu nilikwenda mbele ya kamati ya maadili na barua zenu zote, isipokuwa mistari inayomtaja mgonjwa wenu, hiyo niliiziba. Wimbo umeondolewa siku hiyo hiyo. Utafiti umesimamishwa kwa wapya, lakini wale kumi na mmoja wataendelea kuhudumiwa na mwenzangu, bila vidonge na bila mimi, mpaka uchunguzi uishe. Kampuni imejulishwa. Imeagizwa ifute nakala ilizopewa za majaribio, na nimeomba uthibitisho kwa maandishi. Mpaka sasa imethibitisha nakala moja kati ya mbili. Sitakuficha hilo.

Otilia, barua yangu ya chuo nimeiondoa. Siyo adhabu. Kwa sasa jina langu likikaa karibu na lako litakuchafua.

Nimezungumza na Hermila. Nilimuuliza kama anaelewa kinachosemwa kwenye wimbo. Akasema alielewa tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanijibu, "Daktari, humu huwa mnaniuliza kama sakafu imekauka. Hilo tu." Nikamuuliza kama amemwambia mtu yeyote. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Hilo ni jambo la kesha," akasema, akachukua ndoo yake.

Atapanda basi tarehe 26.

Mireya Solórzano


Agua Escondida, 30 Oktoba 2023

Kwa Daktari Mireya,

Nimemwambia Mzee Celerino.

Nilikwenda tarehe 25, ili ajue kutoka kwangu kabla mtu yeyote hajashuka garini. Alikuwa mbele ya nyumba anafunga upinde wa sikukuu, wa maua ya njano, kwa ajili ya mkewe. Aliponiona akaniuliza kama nimekuja kumwibia maua au kumwibia kuku, maana mjukuu wa Nicolasa haji bure. Nilisema nimeshamwibia, miaka miwili iliyopita. Alidhani natania.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza juu ya kifaa, juu ya siku nne, juu ya ukurasa, juu ya kliniki na wagonjwa na kampuni, na juu ya mama Hermila. Sikusema kwamba nilikuwa mtoto. Nilitaka kusema, likanijia mdomoni, nikaliacha. Yeye aliendelea kufunga miwa ya upinde, lakini alikuwa anafunga fundo lile lile, analifungua, analifunga tena.

Aliuliza kifaa kilikuwa kipi. Nilipomwonyesha ukubwa kwa vidole akasema alikiona, akadhani ni simu inachajiwa. "Nikasema moyoni, watu wa jiji hawa, hata kwenye kesha wanachaji." Akacheka kidogo. Halafu hakucheka tena.

Akataka kuusikia. Mwalimu alikuwa ameniazima kompyuta ya shule mpaka saa kumi. Nilimvalisha zile spika za masikioni nikaenda kukaa kwa kuku ili nisimtazame. Alisikiliza wote, zaidi ya saa nzima. Mara moja midomo yake ilisogea, nadhani ni pale Bibi anapomwita na yeye anaitika.

Alipomaliza nilimwuliza, kama Bibi alivyoniagiza nimwulize, na kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza: je, anaruhusu sauti ile isikilizwe na wagonjwa, hata bila jina, hata mbali? Nilimwambia pia kwamba inawasaidia watu, kwa sababu ni kweli, na kwamba akikataa hakuna atakayemfanya lolote, kwa sababu hilo nalo ni kweli.

Akasema, "Hapana."

Nilimwuliza kama angependa kufikiri siku nne kwanza. Akasema jambo lile amelifikiri miaka tisa, nami nisimwongezee siku nne. Flashi nilimwachia. Sijui ameifanya nini.

Mama Hermila alifika tarehe 27 na mikate ya sikukuu. Alipopita mbele ya nyumba ya Mzee Celerino, nami nikiwa pale njiani kwenda kisimani, alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu yeyote, akaendelea na njia. Mzee Celerino akanigeukia akaniuliza kama huyo anajua. Nilisema anajua. Alimtazama yule mama mpaka alipofika karibu na kona, kisha akamwita arudi anywe kahawa. Walikaa chini ya upinde. Mimi niliondoka.

Leo asubuhi amenisimamisha kisimani. Nilidhani atanigombeza, maana siku tatu hizi alikuwa hanisemeshi. Aliniuliza juu ya yule dereva. "Wakishamnyang'anya wimbo, atanyamaza tena?" Nilisema sijui. Akasema, "Basi uliza. Unajua kuandika." Jioni akaniuliza tena kama nimeshauliza. Kwa hiyo nauliza.

Kuhusu chuo, usijisumbue. Mtihani wa kuingia hauhitaji barua, barua ilikuwa ya nafasi za waliochaguliwa mapema. Nimeanza kusoma baiolojia upya tangu sura ya kwanza.

Otilia Cerqueda


Jiji la Mexico, 14 Novemba 2023

Mpendwa Otilia,

Siruhusiwi tena kuwatibu wagonjwa wangu, ila mwezi uliopita kamati ilinikubalia nimtembelee dereva mara moja, mbele ya mwenzangu, nimweleze mwenyewe kwa nini wimbo umeondolewa. Waliona ana haki ya kuambiwa na aliyekosea. Kabla ya kukuandikia nimemwomba ruhusa, na mistari hii ameisoma.

Kwanza alikasirika. Aliniuliza kama ninajua inavyokuwa mtu kupewa ngazi, apande nusu, kisha ngazi iondolewe. Nilisema sijui. Alikaa kimya muda mrefu sana, nikaogopa kwamba ndiyo kimya kimerudi.

Kisha akauliza kama mle ndani kulikuwa na mtu. Nikasema ndiyo, kulikuwa na mtu, hai, na hakuulizwa. Akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nimetega sikio mlangoni kwa mtu." Nikasema hapana, ni sisi tuliomweka pale. Akasema mlango ni ule ule.

Wiki ya pili alimpigia simu mwenzangu. Alitaka kumwandikia mtu yule aliyemo kwenye wimbo. Alisema yeye amelichukua jambo la mtu bila kumpa lake, hata kama hakulielewa, na anataka wawe sawa. Hatukumpokea siku hiyo. Tulimwambia angoje siku saba. Baada ya siku saba tukamwuliza tena, na tukamsomea kwa sauti ni nani atakayeisoma barua yake: msichana wa miaka kumi na saba ambaye atamtafsiria mtu huyo, na hakuna mwingine. Nilimwambia pia juu ya ukurasa wa tatu, kwa kuwa ana haki ya kujua msomaji wake ni nani. Akafikiri, akasema, "Basi huyo sasa atasoma mpaka nukta."

Karatasi yake iko kwenye bahasha hii ya ndani. Mimi sijaisoma. Anaomba ikishasomwa ichomwe moto.

Hujaulizwa kama wewe mwenyewe unataka kuubeba mzigo huu, na nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba hilo ndilo la kwanza kuuliza. Kama hutaki, irudishe kama ilivyo. Hakuna atakayekudharau, mimi wa kwanza.

Mireya


Agua Escondida, 27 Novemba 2023

Kwa Daktari Mireya,

Asante kwa kuniuliza. Nilikaa na bahasha siku mbili bila kuifungua, nikajiuliza, na jibu langu likawa ndiyo. Kisha nikaenda kumwuliza Mzee Celerino kama yeye anataka kusomewa. Akasema nimpe mpaka Jumapili. Jumapili akasema ndiyo.

Nilimsomea nyuma ya nyumba yake, mchana, alipomaliza kuanika kahawa ya kwanza. Nilisoma kwa lugha yetu kila mstari, polepole. Palipokuwa na neno nisilolijua nilisimama nikamwambia silijui, tukalizunguka mpaka tukalipata. Mahali pamoja palikuwa pagumu kusema mbele ya mtu mzima, na zamani ningepafupisha. Nilipasoma pote. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alinikatiza mara moja tu, akaomba nirudie jina la kijana yule aliyepotea, nikarudia.

Tuliichoma kwenye mafiga yake. Aliweka ubani kidogo juu ya makaa, akavua kofia.

Bibi ni mzima. Aliniuliza niliporudi nilikuwa wapi muda wote huo, nikamwambia nilikuwa nasoma. Hakuniuliza nilikuwa nasoma nini, na Bibi si mtu wa kuacha kuuliza.

Mtihani wangu ni wa Februari. Mwalimu anasema ninaweza kufaulu. Nakuombea uchunguzi wako uishe vizuri, na kampuni ithibitishe ile nakala ya pili. Ukipata jibu lao, naomba uniandikie, kwa sababu Mzee Celerino ana haki ya kujua hata kama jibu ni baya.

Najua utataka kumwambia mzee wa basi kwamba barua yake ilifika. Mwambie imefika, imesomwa mpaka nukta, imechomwa. Mwambie pia kwamba Mzee Celerino alisema maneno machache ya kumjibu. Nilitoa kalamu nikamwuliza kama niyaandike. Alifikiri, akatikisa kichwa, akasema bado.

Kwa hiyo hayamo humu.

Otilia Cerqueda